Jina Ndani ya Ukosi: Historia Fupi ya Nguo ya Shule Bagamoyo



Mwaka huu tena kamati ya elimu imeleta ombi la sare za watoto wa darasa la awali na la kwanza. Na mwaka huu tena wachangiaji wameuliza swali lile lile: serikali imekwisha kufuta ada, sasa mbona bado tunachangishana kwa ajili ya shati na kaptula? Mimi ni mhasibu, na swali la namna hii kwa kawaida hulijibu kwa tarakimu. Safari hii nimeona nilijibu kwa historia, kwa sababu mji wetu umeishi na nguo, umekula kwa nguo na umepimana kwa nguo tangu zamani.

Historia hiyo pia inaweza kutusaidia kuamua jambo lililotugawa katika kikao kilichopita. Baadhi yetu walipendekeza jina la chama, au la mfadhili aliyetoa fedha, lichapwe kwenye mfuko wa shati ili watu waone kazi inayofanyika. Wengine tulikataa. Naomba tulitazame jambo hili kwa utulivu, tukianzia mbali kidogo.

Nguo ilipokuwa fedha

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu ziliteremka pwani, na kutoka pwani zilipanda shanga, nyaya na, zaidi ya vyote, nguo. Iliyopendwa sana ni ile nguo nyeupe isiyotiwa rangi tuliyoiita merikani, kwa sababu ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, Marekani, na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata ugavi, nguo za Uingereza na India zilichukua nafasi yake sokoni, lakini jina la merikani lilibaki. Pamoja nayo ilikuwapo kaniki, nguo nyeusi ya kazi na ya maskini.

Nguo hizi zilihesabiwa kama fedha. Mikono minne ilikuwa shuka, na shuka mbili zilikuwa doti. Kwa doti msafara ulinunua chakula njiani, ulilipa hongo kwa watemi na uliwalipa wapagazi. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, hesabu yake ya kwanza ilikuwa ya nguo: doti ngapi kwa siku ngapi na kwa watu wangapi. Sisi wahasibu wa leo tungeiita bajeti. Neno doti bado tunalo, tukienda kununua kanga.

Nguo ilikuwa na kazi ya pili, na hii haikuwa njema. Ilitangaza nani ni nani. Muungwana alijulikana kwa kanzu, kofia na kilemba. Mtumwa alijulikana kwa kipande cha merikani au kaniki, kichwa wazi, miguu mitupu. Mtoto wa mtumwa alivaa alichopewa, na aliyekutana naye njiani hakuhitaji kuuliza. Aliona.

Watoto walioletwa

Mwaka 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar na kufungua misheni Bagamoyo. Wengi wa watoto wao wa kwanza walikuwa wamekombolewa kutoka utumwani. Walipewa mahali pa kulala, nguo ya kuvaa, masomo na kazi za mikono, na walipobatizwa walipewa majina mapya. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukupigwa marufuku Tanganyika mpaka mwaka 1922. Kwa hiyo katika mji huu wamekuwapo, kwa zaidi ya nusu karne, watoto ambao nguo yao na jina lao vyote vilitoka mkononi mwa mtu mwingine.

Upande wa madrasa tunaye Sheikh Yahya bin Abdallah, tunayemjua zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya. Alifika Bagamoyo akiwa mtumwa aliyetolewa upande wa Kongo, akaingia katika nyumba ya akina al-Lamki. Alisoma mpaka akawa mwanachuoni, akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria, na mwaka 1916 Waingereza wakamfanya liwali wa Bagamoyo. Alifariki mwaka 1931. Mtoto aliyeingia mjini akiwa mali ya mtu aliondoka duniani akiwa mwalimu wa mji. Kilichomtoa pale ni elimu, na elimu hiyo ilianza siku mtu mmoja alipokubali kumkalisha chini pamoja na wengine asome.

Hapo hapo mjini, mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897, alitoa jengo liwe shule kwa sharti kwamba isibague watoto kwa asili zao. Huyu alitajirika kwa biashara ya misafara, yaani kwa nguo na pembe. Naona si jambo dogo kwamba mtu aliyepima watu kwa doti maisha yake yote aliweka sharti la namna hiyo alipofika kwenye watoto.

Sare ilianza kuwa alama ya umaskini

Tumezoea kufikiri kwamba sare ni kitu cha kuwasawazisha watoto. Haikuanza hivyo. Moja ya sare za shule za kale kabisa zinazojulikana ni ya Christ's Hospital, shule iliyoanzishwa London mwaka 1552 kwa ajili ya watoto maskini na yatima. Walivalishwa joho refu la bluu. Mtu akiliona joho lile barabarani alijua mara moja: huyu ni mtoto wa sadaka. Ilichukua muda mrefu shule za matajiri nazo kuchukua sare na kuigeuza kuwa alama ya heshima.

Kwa hiyo sare inaweza kufanya kazi mbili zinazopingana. Ikivaliwa na wachache waliosaidiwa, inawaanika. Ikivaliwa na wote, inawasitiri. Kitambaa ni kile kile, fundi ni yule yule. Tofauti ni kama anayekitazama anaweza kusema nani amelipa.

Kwetu, kaki iliingia na utawala. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, maana yake ni rangi ya vumbi. Lilipita katika jeshi la Waingereza nchini India, likatufikia kwa askari, kisha kwa wanafunzi. Wakati wa ukoloni shule zilitenganishwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Baada ya Uhuru wa 1961 utengano huo ulifutwa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akisisitiza kwamba shule isizae tabaka la watu wanaojiona bora kuliko wazazi wao. Mwaka 1973 ada ya shule ya msingi iliondolewa, na mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka watoto wote wawe shuleni ifikapo mwisho wa 1977. Hapo ndipo shati jeupe na kaptula ya kaki, blauzi nyeupe na sketi ya bluu, zilipoanza kuonekana kila kijiji, kuanzia Mapinga na Kerege mpaka Saadani.

Miaka ya foleni

Kitambaa hicho kwa muda fulani kilifumwa hapa hapa nchini. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968, na vingine vilikuwapo Mwanza na kwingineko. Lakini baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi iliishiwa fedha za kigeni, viwanda vikakosa vipuri, na nguo ikawa ya kupangiwa foleni kwenye duka la ushirika. Wenye umri wangu na zaidi hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1983 ilikuja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na ndipo madukani kukaanza kuwa na vitambaa tena, na mitumba ikaingia kwa wingi.

Mimi nilianza shule mwishoni mwa miaka hiyo, na nilivaa shati lililokwisha kuvaliwa na kaka zangu wawili. Mama alikuwa na utaratibu wake. Ndani ya ukosi alidarizi herufi mbili kwa uzi mwekundu, ya jina la mtoto na ya jina la baba. Shati likishuka kwa mwingine, alifumua ile herufi ya kwanza kwa wembe na kudarizi nyingine. Ukiligeuza uliona vitundu vidogo vya majina yaliyotangulia. Kwa nje lilikuwa shati jeupe kama mashati mengine darasani.

Wamama wengi wa mwambao walifanya hivyo, na sababu yake ilikuwa ya kihasibu kabisa. Nguo ilikuwa adimu, darasa lilikuwa limejaa, na watoto wa miaka saba wakicheza mpira huvua mashati na kuyarundika chini ya mwembe. Jina ndilo lililorudisha shati nyumbani.

Ada imeondoka, nguo imebaki

Ada ilirudi katika miaka ya 1980 kwa jina la michango. Iliondolewa tena chini ya MMEM, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ikapanda kutoka takribani milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7 mwaka 2004. Kuanzia Januari 2016 ada ikaondolewa mpaka kidato cha nne. Hatua hizi zilifungua mlango kwa mamilioni ya watoto, na hakuna anayeweza kuzibeza.

Lakini someni Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016, unaogawa majukumu ya elimu bila malipo. Sare za shule na za michezo, madaftari, kalamu, chakula na matibabu vimewekwa upande wa mzazi. Hilo ndilo jibu la swali la wachangiaji. Tena gharama hii haigawiki mwaka mzima kama sabuni au unga. Huja yote mwezi Januari, pamoja na viatu, soksi na mkoba, wakati mazao ya vuli bado yako shambani. Mwenye watoto watatu wa mfululizo hulipa mara tatu katika wiki moja.

Asiyeweza kulipa si lazima afukuzwe na mtu. Mtoto wa miaka sita hujifukuza mwenyewe. Anaona wenzake, anajiona, kesho yake anasema tumbo linamuuma.

Wenzetu wa Kenya wamelipima jambo hili. Watafiti waligawa sare kwa bahati nasibu katika shule za msingi magharibi mwa nchi hiyo, kisha wakafuatilia mahudhurio. Kwa waliopata sare, utoro ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa wale ambao hapo awali hawakuwa na sare kabisa, ulipungua kwa zaidi ya nusu. Nisingekuwa mkweli nikiishia hapo: watafiti waliporudi miaka minane baadaye, tofauti kati ya waliopewa na wasiopewa haikuonekana tena. Mimi nausoma mzania huo hivi: shati hufanya kazi wakati linavaliwa. Ukimpa mtoto mara moja ukamsahau, umenunua mahudhurio ya mwaka mmoja. Kwa hiyo ombi la kamati mwaka huu si la awamu moja. Ni la kumfuata mtoto yule yule kutoka awali mpaka darasa la tatu.

Mali ya nani?

Sasa turudi kwenye ule mjadala wa jina. Utumwa ulipokwisha, wanawake wa mwambao waliweka kaniki kando wakavaa kanga, ili asiwepo wa kuwatambua kwa nguo ya jana. Na maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, tangu yalipoandikwa kwa herufi za Kiarabu mpaka leo, tunayaita jina. Mfanyabiashara maarufu wa kanga wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliziwekea kanga zake alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Ilikuwa alama ya biashara, na mnunuzi aliifurahia kwa kuwa ilimhakikishia ubora.

Kwenye kanga ni sawa. Mgongoni au kifuani mwa mtoto ni jambo jingine. Jina la chama likichapwe kwenye mfuko wa shati, litasomeka na kila mwanafunzi anayejua kusoma, na maana yake itakuwa ile ile ya joho la bluu la London: huyu amenunuliwa nguo. Tutakuwa tumetumia fedha zetu kurudisha kile ambacho sare za Uhuru zilikuja kukiondoa. Na katika mji wetu, ambako miaka mia moja na zaidi iliyopita nguo ilitangaza mtoto huyu ni wa nani, tunapaswa kuwa wa mwisho kufanya hivyo.

Jina liwepo, ila liwe la mtoto mwenyewe, na liwe ndani ya ukosi. Yeye ndiye mwenye mali.

Namna tutakavyonunua

Hivi ndivyo kamati imekubaliana kufanya, na mimi nimepewa kusimamia vitabu.

Kitambaa tutanunua Kariakoo kwa jora, kwa bei ya jumla, si sare zilizokwisha kushonwa. Ushonaji utafanywa na mafundi cherehani wa barazani huku huku Bagamoyo. Fedha ya mkono wa fundi itabaki mjini, na mtoto atapimwa badala ya kukisiwa. Sare ya dukani ina namba. Mtoto wa miaka sita ana kiwiliwili chake.

Kila sketi na kaptula itaachiwa pindo la kutosha kukunjuliwa mwaka wa pili, na kiuno kitakuwa cha lastiki, kwa sababu mtoto wa awali hawezi vifungo anapokimbilia chooni. Kila mtoto atapata mashati mawili, moja likifuliwa jingine livaliwe. Tumeona kwamba shati moja humfanya mzazi afue usiku, na siku za mvua mtoto hubaki nyumbani akisubiri likauke.

Jina litadariziwa kwa uzi kwenye utepe mdogo na kushonwa ndani ya ukosi, na kwa sketi na kaptula ndani ya kiuno. Kalamu ya wino hufifia baada ya kufuliwa mara chache. Majina yatakuwa mawili, la mtoto na la baba au mlezi, maana darasa moja la kwetu linaweza kuwa na akina Mwanahamisi watatu na akina Juma wanne. Kwa kuwa wengi wao hawajajua kusoma, pembeni ya jina fundi ataweka alama ndogo atakayoichagua mtoto: samaki, nyota, jani, ngalawa. Hivyo ataitambua nguo yake kabla hajazitambua herufi. Hatutaandika jina nje. Mtu asiyejulikana hapaswi kusoma jina la mtoto kifuani na kumwita barabarani kana kwamba anamfahamu.

Ugawaji hautakuwa na jukwaa wala picha za watoto wakipokea. Mwalimu wa darasa atatoa orodha, mzazi atakuja kwa fundi na mtoto wake kupimwa kama mzazi mwingine yeyote, na atachukua nguo kabla shule hazijafunguliwa. Fundi atalipwa na chama kwa stakabadhi. Orodha ya majina itabaki kwa kamati na kwa mkaguzi. Ninyi wachangiaji mtapewa hesabu kamili: jora ngapi zimenunuliwa na kwa bei gani, fundi gani amelipwa kiasi gani, nguo ngapi zimetoka, na kwa shule ipi. Mnastahili kuiona kila shilingi. Sura za watoto si sehemu ya stakabadhi.

Najua kuna mchangiaji atakayesema kwamba mfadhili asipoonekana hatatoa tena mwakani. Hofu hiyo nimeisikia, na kwa upande wa fedha naielewa. Ndiyo maana kijitabu hiki kina ukurasa wa majina ya waliochanga, na jina lako litaandikwa hapo kwa herufi zinazosomeka, kwa idhini yako. Hapo ndipo mahali pake.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Unaweza kuahidi jora, utepe na uzi, ujira wa fundi kwa siku moja, au mtoto mmoja kwa miaka mitatu. Tafadhali irudishe kwa mweka hazina kabla ya mwisho wa Novemba, ili Desemba mafundi wawe wameanza kukata. Shule hufunguliwa Januari, na cherehani haikimbizwi.